Baharia wa Kochi

Niliwahi kupotea mchana kweupe, katika mji wenye ramani kila kona, kwa sababu niliamini kwamba jua huzama magharibi. Usicheke bado. Kwetu, karibu na ikweta, jua lina adabu: huchomoza pake na kuzama pake mwaka mzima, kama karani wa serikali. Stockholm wakati wa baridi jua huchungulia kusini, hutambaa kidogo juu ya mapaa, na saa nane mchana linatoroka kusini huko huko. Jiografia ya kidato cha nne nilifaulu. Niliichora dunia imeinama, nikaipaka na rangi. Sikufikiri kuinama kule kungenihusu.

Kosa lilianzia kwenye kochi, kama makosa yangu mengi. Tuliishi Spånga, pembezoni mwa mji, mke wangu na mimi, na miaka ile ya themanini runinga ilikuwa na stesheni mbili tu, kwa hiyo mtu alitazama alichopewa. Jioni moja wakaonyesha mabaharia wa visiwa vya Polinesia, wanaovuka bahari kuu bila dira. Wanajua kila nyota inachomoza wapi na kuzama wapi. Hulala ndani ya chombo ili mgongo usikie mawimbi yanatoka upande gani. Jua likishuka, huwafuata ndege wanaorudi kulala nchi kavu. Mzee mmoja wao alisema mambo mawili yaliyonikaa. Kwanza, baharia hujiona ametulia pale pale, na kisiwa ndicho kinachomjia. Pili, kabla ya kuondoka lazima ukione kisiwa moyoni. Picha hiyo ikikutoka, nyota zote hazitakufaa kitu.

La kwanza nililipenda mno. Hatimaye, mafundisho ya kiroho yanayonifaa!

"Umesikia?" nikamwambia mke wangu. "Ametulia, kisiwa kinamjia."

"Basi kiambie kije na mkate," akasema. "Na maziwa yamekwisha."

Yeye alikuwa muuguzi katika hospitali ya Flemingsberg, upande wa pili wa mji. Kila asubuhi, giza bado limekaza, alipanda treni kuvuka mji mzima, na jioni alirudi akisinzia huku anavua viatu. Majira yale alikuwa amepata nafasi ya nyumba karibu na hospitali, mwendo wa miguu. Wenye nyumba walitaka kutuona sote wawili, kabla ya saa tisa, la sivyo wangempa aliyetufuata kwenye foleni.

Nilisema "sawa" kwa mdomo. Moyoni nilizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikatazama mapazia yangu, kiti changu cha dirishani, duka la chini ambako muuzaji alishajua sigara zangu. Nimeshahama bara zima, nihame tena? Nikakaa, nikasimama, nikachemsha chai, nikaisahau.

"Ukishuka, uliza njia," alinionya asubuhi ya miadi akitoka kwenda kazini; tungekutana huko huko kwenye nyumba. "Mtu yeyote. Hawaumi."

Lakini mabaharia hawaulizi. Nilishuka kwenye kituo cha Flemingsberg nikijua jambo moja tu, kwamba nyumba ziko magharibi. Jua lilikuwa linazama. Nikalifuata kwa fahari.

Njia ikawa kijia, kijia kikawa theluji, theluji ikanifika magotini, na mbele yangu palikuwa na msitu ambao mke wangu hakuwahi kuutaja. Nikasimama nisikie mawimbi. Nilichosikia ni tumbo langu. Ndipo wakapita kunguru, kundi zima, wakirudi kulala. Ndege! Nikawafuata. Wakanifikisha kwenye msonobari mmoja mrefu, wakatua, wakaanza kunisimanga.

Mama mmoja mwenye mbwa ndiye aliyenirudisha barabarani, baada ya mimi kumuuliza njia, tena kwa unyenyekevu. Giza lilikuwa limeshaingia. Nilimkuta mke wangu kituoni, amesimama peke yake, mikono mikavu bila glavu.

"Wameondoka?" nikauliza.

"Wameondoka."

Ndani ya treni nilimweleza habari za jua na kunguru, nikitia chumvi ili acheke. Hakucheka. Aliegemeza kichwa dirishani, si begani kwangu, akalala mpaka Spånga. Kesho yake, kabla hakujakucha, nikasikia mlango ukifungwa taratibu.

Siku hiyo kochi lilinikataa. Nilikaa kila upande wake, likawa na miiba. Mchana nikapanda ngazi kwa jirani yetu, mama wa Kiganda aliyekuja kama mkimbizi na ambaye, kwa kuwa mke wangu alimwita dada, aliniita shemeji. Nilitaka huruma. Akanimiminia chai, nikamsimulia yote: mabaharia, mtumbwi uliotulia, jua lisilo na adabu. Nilipofika kwenye kunguru alicheka hadi akashika kiuno, nami nikapata nguvu, nikaongeza kwamba hata baharia bingwa angepotea chini ya jua la namna ile.

"Na hicho kisiwa cha moyoni," akauliza akijifuta macho, "wewe ulikiona? Jiko lake? Dirisha lake? Mke wako akirudi kwa miguu, hajachoka?"

Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto bado, nikainywa hivyo hivyo.

Akaweka kikombe chake chini. "Shemeji, usilisingizie jua. Wewe hukupotea. Hukutaka kufika."