Sauti ya Mama Robert Ziwani

Mjini Bunda, ukiulizia kwa Mama Robert, watu watakuelekeza nyuma ya soko, kwenye chumba cha cherehani chenye sare za shule zilizotundikwa mpaka juu ya mlango. Jina lake hasa ni Ursula. Ni mwanamke mfupi, mpole, mwenye mazoea ya kushika pini mdomoni wakati anasikiliza shida za watu. Lakini kwa wazazi wengi wa mkoa huu ambao hawajawahi kumwona uso kwa uso, Mama Robert ni sauti tu.

Sauti hiyo ilizaliwa kwenye taabu. Mwanawe wa pekee, Robert, alipochukuliwa jeshini upande wa wanamaji, aliaga na begi mgongoni, na tangu siku hiyo simu yake haikupatikana tena. Ursula alikonda. Alikuwa akianza kukata sketi anajikuta amekata kaptula. Hakuwepo mtu wa kumwambia kwamba kuruta wakianza mafunzo hukabidhi simu zao, na mzazi hana la kufanya ila kutulia. Robert alipopiga hatimaye, mzima wa afya, akicheka, mama yake alilia tu.

Baada ya hapo akaona wengine wasipite njia ile peke yao. Akafungua kundi la WhatsApp la wazazi wa wanamaji wapya. Wazazi waliingia kutoka Musoma, Butiama, Kiabakari, na vijiji ambavyo hata yeye hakuvijua. Waliuliza mtoto afunge nini kwenye begi, kama anaruhusiwa kwenda na rozari, kama ni kweli wanatupwa baharini wajifunze kuogelea. Ursula aliwajibu wote. Aliwaonya wasitume chochote kwa mtu anayepiga simu kujidai ofisa wa kambi. Mzee mmoja wa Kiabakari, Clementi, alikuwa ndiye mchekeshaji wa kundi. Alitangaza kwamba kila wiki anamla jogoo mmoja wa mwanawe, na kijana asipofanya haraka kumaliza mafunzo atakuta mabanda matupu.

Kwa kuwa wengi hawakupenda kusoma maandishi marefu, Ursula aliongea. Meseji yake moja ya sauti ilipendwa kuliko zote, wazazi wakawa wanarushiana mpaka kwenye makundi ya kwaya na ya ukoo. Alikuwa anasema hivi: "Wazazi wenzangu, kimya si jambo baya. Mtoto yuko majini, anafundishwa. Usigawe nguo zake. Mtandikie kitanda chake kama kawaida. Usimlilie mtu aliye hai. Ngoja tu, atarudi."

Ndani ya kundi hilo aliingia mzee aitwaye Makongoro. Hakusalimiana na wengine wala kucheka utani wa Clementi. Kila jioni alimtumia Ursula meseji fupi ya sauti, maneno yale yale. "Mama Robert, salama. Wa kwangu bado yuko kimya. Niendelee kungoja?" Nyuma ya sauti yake kulikuwa na maji yanayolamba mawe, taratibu, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Ursula alimjibu, endelea, baba. Alimhurumia, maana alisikia uzee katika kupumua kwake.

Mafunzo yakaisha. Wazazi wakaanza kurusha picha za watoto waliovaa sare nyeupe, kundi zima likawa vigelegele. Jioni ile swali la Mzee Makongoro likaja kama kawaida. Ursula akashangaa. Akamwandikia kando, akamuuliza kijana anaitwa nani na yuko kambi gani. Mzee akajibu kwa sauti kwamba anaitwa Fred, na kwamba yeye alitangulia kabla ya hao wengine.

Robert alipopiga simu, mama yake akamuuliza kama anamfahamu Fred Makongoro. Robert akasema hapana, na akawauliza wenzake, nao hapana. Halafu akaaga, kwamba meli yao inaondoka na huko wanakokwenda hatapatikana kwa muda. Ursula akamwambia nenda salama. Alipokata simu akajikuta amesimama katikati ya chumba, hakumbuki alinyanyuka kwa ajili gani.

Haikuchukua muda, simu ikaita kwa namba ya Mzee Makongoro. Haikuwa sauti yake. Alikuwa mwanamke kijana, anaongea chini chini, akajitambulisha kwa jina la Wankyo, mke wa Fred. Akasema wanakaa kijiji cha ziwani, ukishapita Bugwema. Akasema, "Mama, tunakuomba uje. Usimwambie baba kama nimekuita." Ikakatika.

Ursula angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa mtu ambaye akiombwa hana pa kujificha. Akafunga cherehani, akasafiri, mwisho akachukua bodaboda iliyompitisha katikati ya mashamba ya mihogo na mawe makubwa yaliyokaa juu ya mawe mengine. Dereva alimshusha mahali njia inapoishia. Akamwonyesha kwa kidole upande wa ziwa, akageuza pikipiki.

Ilikuwa mchana umeanza kulegea. Hakukuwa na upepo. Ursula akashuka na kijinjia kati ya mawe, na kabla hajaona nyumba wala mtu, akasikia mwanamke anaongea huko mbele, majini. Akasimama. Alisikia, kimya si jambo baya. Alisikia, mtoto yuko majini.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Ilitoka ziwani ikagonga mawe ikarudi, ikawa kama wanawake wawili wanasema neno moja, mmoja nyuma ya mwingine. Mtandikie kitanda chake. Kitanda chake. Ngoja tu, atarudi. Atarudi. Kisha ikaanza upya. Ursula alijishika koo kwa mkono, kuhakikisha kwamba halitikisiki.

Akapita jiwe la mwisho, akamwona mzee mrefu ameketi ukingoni, mgongo kwake. Pembeni yake palikuwa na redio ndogo, zile za kuchaji zenye tochi, ameiunganisha na simu, kaielekeza ziwani. Ursula alipopiga hodi, mzee hakugeuka upesi. Alizima redio kwanza, akainamisha kichwa, kama anapima kitu.

"Umekuja kwa miguu yako, Mama Robert," akasema.

Alimjua kwa sauti. Akampokea kwa heshima zote, akamshukuru kwa kazi anayowafanyia wazazi. Akamweleza bila kuficha kwamba kila jioni humchezea Fred meseji ile, ili huko aliko ajue nyumbani bado wanamngoja. Halafu akampeleka kumwonyesha kwamba maagizo yake yanafuatwa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, mto umekunjuliwa pembe. Mashati yamepigwa pasi. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu, vimeelekezwa ndani kama vya mtu aliyeingia kulala. Pembeni, sakafuni, kulikuwa na mkeka uliokunjwa. Ursula akauliza ni wa nani. Mzee akasema ni wa Wankyo, maana kitanda ni cha mwenyewe.

Jikoni ndiko alikopewa habari yote, na Gati, mke wa mzee, huku Wankyo akipalia moto bila kuinua uso. Fred alikuwa mvuvi. Alikuwa na hamu ya kuwa askari wa majini, akilisema hilo kila siku mpaka watu wakamchoka. Siku moja ya utulivu, ziwa limelala kama leo, mtumbwi wake ulirudi wenyewe mpaka kwenye mawe. Nyavu zilikuwa zimekunjwa. Kasia lilikuwa limelazwa mahali pake. Yeye hakuwemo, na mwili haukuonekana mpaka leo.

Katika ukoo wao, mtu aliyechukuliwa na ziwa asipoonekana, huzikwa mgomba badala yake. Lakini kwanza ni lazima aitwe. Watu husimama ukingoni, jina lake linaitwa mara moja tu, na mtu wa damu yake anaingia majini kuitikia kwa niaba yake kwamba amefika. Ndipo mgomba unalazwa kaburini, ndipo watu wanalia. Kabla ya hapo, mke wake hanyolewi wala haolewi, na nyumba haili samaki wa ziwa lile, maana hawajui samaki amekula nini. Ursula akatazama vyungu. Walikuwa wanakaa kwenye ukingo wa maji wakila maharage na mlenda.

"Baba yake alikuwa amekubali," Gati akasema. "Mgomba ulishachaguliwa. Ndipo mtu wa kwaya akatuletea ile sauti yako kwenye simu. Akaisikia, akasema mwanangu hakufa, yuko kwenye mafunzo. Ameshika hapo."

Wankyo ndipo akaongea. "Mimi si mke, si mjane. Natandika kitanda tu. Mama, wewe ndiye uliyemwambia. Mwambie tena."

Ursula alikuwa anamfikiria Robert, ambaye dakika ile alikuwa kwenye meli, majini, kimya. Alitaka kuwaambia wanawake wale jambo hilo, kwamba kusema mtoto wa mtu amezama, wakati wa kwake yuko juu ya maji, ni maneno ambayo ulimi unayakataa. Akamuuliza Gati kama kuna ubaya kusema hivyo wakati Robert yuko majini. Gati akasema hajui. Hajawahi kusikia mtu akafanya hivyo akiwa na mwanawe majini.

Ursula akatoka. Mzee alikuwa amerudi kwenye mawe, redio iko mapajani. Ursula akaketi karibu yake, akatazama ziwa. Kwa mbali, mahali maji yalipokuwa meusi, kulikuwa na alama ndefu nyembamba kama njia ya mtumbwi uliokwisha kupita. Mtumbwi wenyewe hakuuona.

"Baba," akaanza, "zile habari niliwapa waliochukuliwa na jeshi. Fred hakuchukuliwa na jeshi."

"Ulisema yuko majini, anafundishwa."

"Nilisema."

"Ulisema nisimlilie aliye hai."

"Nilisema, baba. Lakini sikuwa nakusemea wewe. Sikukujua." Akageukia ziwa. "Fred amezama. Hatarudi kwa miguu."

Mzee hakukasirika. Alikaa muda mrefu akisugua redio kwa kidole gumba, kama unavyofuta uso wa mtoto. Mwisho akamuuliza Ursula wa kwake, Robert, yuko wapi sasa hivi. Ursula akasema yuko safarini, majini. Mzee akamgeukia, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri machoni.

"Na bado umelisema," akasema.

"Nimelisema."

"Basi ni wewe utakayemwita. Kwetu anayeita ni yule aliyekuwaga anasema atarudi. Ningekuwa mimi ningeita mimi. Lakini siku zote hizi nyumba yangu ilikuwa inasimama kwa mdomo wako."

Ursula angeweza kukataa, alikuwa mgeni, si wa ukoo, na bodaboda angepata. Akamkumbuka Wankyo na mkeka wake. Akasema ataita.

Alilala pale, na asubuhi jua likiwa limeshapanda, ndugu na majirani wakakusanyika ukingoni. Walikuwa wachache na hawakuongea. Mgomba ulikuwa umeletwa, umefungwa shuka ile ya kitandani, umelazwa kando ya shimo ukiwa na urefu wa mtu. Wankyo alisimama karibu na mawe, kichwa wazi. Mzee Makongoro alivua viatu, akaingia ziwani na nguo zake, polepole, mpaka maji yakamfika kifuani. Alisimama akiwapa mgongo. Kwa desturi yao, hakuna aliyetakiwa kuuona uso wa anayeitikia.

Gati akamgusa Ursula bega.

Ursula akafungua mdomo. Alifikiri kwamba maji hayana mipaka, kwamba pengine jina lolote likitamkwa juu yake husikika kila mahali penye maji, na kwamba huko aliko Robert anaweza kugeuka akidhani mama yake anaita. Akakaza macho kwenye kisogo cha mzee. Akaita.

"Fred. Toka majini. Hatukungoji tena."

Mawe yakachukua sauti yake, yakairudisha, ikaisha. Hata ndege hawakulia. Mawimbi madogo yaliyokuwa yakilamba ukingo yalitulia, na ziwa lote likawa kama kitu kilichozuia pumzi. Ursula aliona mabega ya mzee hayatikisiki. Alianza kuogopa kwamba hataitikia, kwamba amekwenda kule ili naye asirudi.

Kisha ikasikika. "Nimefika, mama."

Ilitoka kule alikosimama mzee, hilo Ursula angeweza kuapa. Lakini haikuwa sauti aliyoizoea ya kila jioni, yenye uzee katika kupumua. Ilikuwa nyepesi, ya kijana aliyechoka kwa safari, na ilikuwa na furaha kidogo ndani yake. Wankyo alikuwa ameshapiga magoti kabla neno halijaisha. Gati alijibu, "Karibu, mwanangu," kwa utulivu, kama mtu anayefungua mlango.

Wanaume wanne wakauinua mgomba kutoka kando ya shimo. Mmoja wao aliyumba, akasema pole pole kwamba ni mzito, na waliouleta asubuhi wakatazamana, maana ulikuwa mwepesi walipokuja nao.

Wakaushusha. Ndipo Wankyo akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kilio kilichokuwa kimekaa ndani kwa muda mrefu mno, na wanawake wengine wakampokea, na kijiji kizima kikasikia kwamba kwa Makongoro kuna msiba.

Mzee akatoka majini, nguo zimemganda mwilini. Alipita karibu na Ursula bila kumtazama, akaenda moja kwa moja kaburini, akachota udongo kwa mkono uliolowa, akautupa.