Beatrisi Hataki Kurudi kwa Woga

Jumapili ya Meza ya Bwana, wanawake wa usharika wakiinuka kwenda mbele, humpitia Beatrisi kwanza. Huyu anamwachia mtoto, yule mkoba, mwingine simu na funguo za duka, maana wanajua wakirudi watamkuta palepale, benchi la nyuma karibu na mlango, kitoto kimoja begani na kingine kimelala mapajani. Mgeni angedhani ni yaya aliyeajiriwa na kanisa. Kumbe ni Mlutheri kama wao, wa kuzaliwa na kubatizwa, ila hajaisogelea meza ile kwa miaka ishirini na sita.

Wala usimdhanie mtu wa kulegalega. Siku za kazi utamkuta ghalani Makambako, karibu na stesheni, ana shazia mkononi, anashona midomo ya magunia ya mahindi. Wapakiaji wanamwita Mama Fredy na wanauogopa ulimi wake. Gunia likija limejazwa vibaya analirudisha, hata kama lori linanguruma nje na dereva ananuna. Ijumaa jioni anakwenda kudeki kanisa bila kutumwa na mtu. Kuomba anaomba, tena kwa sauti, na ukimwuliza kama anampenda Mungu atakutazama kana kwamba umemwuliza kama anampenda mwanawe.

Kisa chenyewe kilianzia Makete, kijiji kimoja si mbali na Tandala, ambako ukungu hauna haraka ya kuondoka na mtu hatoki nje bila sweta. Baba yake, Nahumu, alikuwa mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, mtu wa msimamo. Beatrisi alikuwa na miaka kumi na tisa, sauti ya kwanza kwenye kwaya, alipopata mimba ya mwalimu wa muda ambaye alihama kabla tumbo halijaonekana. Kwa desturi yao, mwenye kosa kama hilo hutengwa. Jina lake husomwa Jumapili mbele ya watu, haimbi tena kwaya, haendi mezani. Na anayepeleka jina kwenye baraza ni mzee wa kanisa wa mtaa anaokaa mkosaji. Mzee wa mtaa ule alikuwa Nahumu. Alilipeleka mwenyewe, na siku lilipokuwa likisomwa alikuwa amesimama mbele na kapu la sadaka mkononi, akitazama viatu vyake.

Kutengwa huko hakukusudiwi kuwa kwa milele. Mama akishajifungua na kupata nguvu, anasimama mbele, anaulizwa, anajibu, anaombewa, kisha watu wanapanga foleni kumpa mkono. Ndiyo kurudi kundini. Shughuli yote haifiki nusu saa, na wengi waliowahi kusimama pale leo ni bibi za watu, wanaongoza vikundi vya akina mama, na hakuna anayewakumbusha.

Fredy alipotimiza miezi mitatu, zamu ya Beatrisi ikawadia. Jumamosi mwinjilisti alikuja nyumbani kumwandaa. Hakuwa mtu mbaya yule, ila siku hiyo alikuwa na haraka.

"Ukifa leo kabla hujarudi," alimwuliza, "unajua utakwenda wapi?"

Beatrisi alikuwa akimnyonyesha mtoto, akamhamishia titi la pili. Kisha akasema, "Mwinjilisti, msamaha nimeshamwomba Mungu, nimemwomba mwenyewe jikoni, tena nikilia. Lakini nikisimama kesho nitakuwa nimesimama kwa kuuogopa huo moto wako wa jehanamu. Atakayesimama ni woga, mimi sitakuwepo. Nikirudi, nataka nirudi kwa kupenda."

Nahumu aliyasikia hayo kutoka chumba cha pili. Hakutoka, hakukohoa. Jumatatu binti akambeba mtoto mgongoni, akapanda gari la Njombe, na kutoka Njombe akaendelea mpaka Makambako, ambako malori hayamwulizi mtu ametoka usharika gani. Nyumbani akawa anarudi kwa misiba na Krismasi. Baba na mwana waliongea habari za viazi, mvua na shule ya Fredy, na lile jambo lenyewe walilizunguka kwa heshima zote.

Wachungaji wanne wamepita Makambako tangu afike. Wa kwanza alimtisha, wa pili akambembeleza, wa tatu akamwachia Mungu. Wa nne ni Mchungaji Hosiana, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi hivi, ambaye mwaka jana alimfuata mpaka ghalani, akakalia gunia, akaanza kumchokoza.

"Kwa hiyo wewe, Mama Fredy, unasema anayemcha Mungu hana hiari?"

"Mimi si msomi, Mchungaji. Ila mbuzi akifuata njia kwa sababu ya fimbo, huwezi kusema ameichagua njia."

"Na mtoto anayeacha kuiba sukari kwa sababu hataki kumhuzunisha mama yake? Naye ni mbuzi?"

"Huyo anapenda."

"Anaogopa pia. Anaogopa kumwumiza anayempenda. Hofu hiyo haijamfunga, imemwonyesha tu anachokitaka."

Beatrisi akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Sawa. Basi nionyeshe ni hofu ipi iliyo ndani yangu, nami Jumapili nasimama."

"Hilo siwezi. Mimi nina swali tu. Miaka yote hii unabaki umekaa kwa hiari yako, au unaogopa watu watasema Beatrisi hatimaye ameshindwa?"

Beatrisi alicheka, akasema yeye ana lori la kwenda Tunduma linamsubiri. Lakini swali lilimwingia. Siku ile alishona gunia moja mara mbili bila kujijua, wapakiaji wakamtania mpaka jioni. 

Basi mwezi wa sita, baridi imekolea, mdogo wake Obed akapiga simu kutoka Makete.

"Dada, baba hali chakula tena. Tumemrudisha nyumbani kutoka hospitali akae na watu wake. Jumamosi mchungaji wa huku anakuja kumpa Meza ya Bwana. Baba anasema anataka mpokee pamoja. Ndilo analoliomba, hana lingine."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Mwenyewe. Dada, usije ukamkatalia. Radhi ya mzazi si kitu cha kuchezea."

Beatrisi alikaa chini katikati ya ghala. Kila aliyelelewa milimani kwetu anajua uzito wa neno hilo, radhi. Alimpenda baba yake, alimpenda sana, na ndiyo maana alikasirika hadi machozi yakamtoka. Kumbe fimbo ilikuwa haijaondoka, ilikuwa imebadilisha mkono tu.

Njiani alikuwa ameshaamua kabla hajafika Njombe mjini. Atapokea. Atasema yale maneno, atameza ule mkate, mzee afe akiwa na amani, na kama ni uongo basi uongo huo ni wake na Mungu. Alipita kwenye misitu ya misonobari na mashamba ya viazi bila kuviona. Ilimwuma kwamba miaka ishirini na sita ingeishia hapo, kwa kuogopa, kwa njia ileile aliyoikataa akiwa msichana.

Jumamosi asubuhi jua lilipopata nguvu, Obed alimtoa baba nje kwa kumbeba, akamweka kwenye kiti cha uani na mablanketi mawili, akawaacha. Mzee alikuwa amebaki macho na mifupa. Beatrisi alimpoozea uji na kumnywesha kidogokidogo, kisha akaona aseme kabla hajabadili nia.

"Baba, nimesikia ombi lako. Leo nitapokea pamoja nawe."

Nahumu akamtazama. "Kwa nini?"

Hakulitegemea swali hilo. "Ili usiondoke na kinyongo juu yangu."

"Unaniogopa, basi."

Angeweza kukana. Badala yake akasema, "Ndiyo, baba. Naogopa."

Mzee akawatazama kuku waliokuwa wakiparua miguuni pake. Alipoanza tena kusema, sauti ilikuwa ndogo, na Beatrisi ilibidi ainame.

"Siku ile niliyopeleka jina lako kwa wazee, mama, unakumbuka? Nilijiambia namtii Mungu. Nilikutazama unatapika kule bustanini, nikajiambia, Nahumu, Mungu atakuuliza. Lakini hata Mungu sikumwogopa kiasi hicho. Nilimwogopa Sadock, mzee mwenzangu wa baraza. Nilijua Sadock akilipeleka yeye, watasema nimemficha binti yangu. Nikamtangulia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Mungu angeweza kusubiri mpaka nizungumze nawe kwanza. Sadock ndiye asingesubiri."

Beatrisi alimshika mkono, maana hakujua kingine cha kufanya. Ulikuwa mwepesi na wa baridi.

"Jumamosi ile ulipomjibu mwinjilisti nilikusikia," mzee akaendelea. "Nilitaka kutoka nikakuchape. Nikashindwa kusimama. Nilijua binti yangu ana kitu ambacho mimi mzee wa kanisa sina. Na sasa ninakufa, nami nimetuma simu nikuburuze. Nisamehe. Sikuachi na masharti."

Akauinua mkono wake mwingine kutoka kwenye blanketi, kwa shida, akauweka juu ya kichwa cha binti yake.

"Radhi yangu hii hapa. Nakupa sasa, kabla mchungaji hajafika. Ukipokea ni yako, usipopokea ni yako. Nikifa leo nimeshakupa, hakuna wa kuja kukunyang'anya."

Beatrisi alilia palepale uani kama mtoto, paji la uso juu ya magoti ya baba yake, wala hakujali kwamba jirani anayepita na kuni alisimama kutazama.

Saa sita mchungaji akaja na wazee wawili wa kanisa. Mmoja wao alikuwa Sadock huyohuyo, sasa mkongojo mkononi na meno ya kuhesabika, akawasalimia wote kwa upole. Chumba kilikuwa kidogo. Mzee Nahumu amelazwa kitandani, mchungaji ametandika kitambaa cheupe juu ya kimeza, Obed na mkewe wamekaa kwenye mkeka. Beatrisi akachukua kigoda akakaa mlangoni. Mchungaji alikuwa ameambiwa habari zake, akasema kwa utaratibu kwamba kama kuna anayetaka kurudi kundini leo, watu waliomo wanatosha kuwa kundi, na kama hayupo, ibada itaendelea.

Hapo Nahumu akamwita Obed kwa kidole. Obed akainama, akasikiliza, akashangaa. Kisha akamwingizia baba yake mikono mabegani na kiunoni, akamgeuza taratibu mpaka mzee akawa amelala ubavu, uso ukutani, mgongo kwa watu wote.

"Anaumwa?" mchungaji akauliza.

"Hapana," Obed akajibu. "Anasema hataki macho yake yamsukume dada."

 Beatrisi aliutazama mgongo ule uliokondeana chini ya blanketi. Mtu yule alikuwa amelitamani jambo hili kwa miaka ishirini na sita, akabakiwa na siku chache za kuliona, naye alikuwa amegeuka ili asilione. Beatrisi akaitafuta hofu yake, kwa bidii, jinsi mtu anavyopapasa mifukoni kutafuta ufunguo. Akautafuta moto wa mwinjilisti, na Sadock, na watu wa Makambako watakaosema ameshindwa. Vyote vilikuwepo duniani, lakini hakuna kilichomshika. Hofu moja tu ilikuwa imebaki, nayo ilikuwa ndogo na yenye joto: kuendelea kukaa mbali na Yeye aliyempenda, wakati njia iko wazi na hakuna anayemsukuma. Akatambua kwamba hiyo hakuwahi kuikataa.

Akainuka kwenye kigoda. Mchungaji akamwuliza yale maswali ya desturi, moja moja, naye akajibu. Alipofikia lile la mwisho, kama anarudi kwa hiari yake mwenyewe, Beatrisi alisema, "Nataka."

Sadock ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono. Mchungaji akamega mkate, akampa.

Mzee Nahumu alisikia yote. Mabega yake yalikuwa yakitikisika chini ya blanketi, Obed akataka kumgeuza aone, lakini alikataa kwa kichwa, akaendelea kutazama ukuta mpaka binti yake alipokwisha kumeza.