Nyumba ya Nyanya ni urithi, kwa hivyo iacheni ivuje

Wakuu, heshima zenu.

Nimesoma nyuzi za watu humu mwaka mzima bila kuandika hata neno, kwa sababu kila nikianza nawaza mtu atanijibu vibaya, nafuta. Leo sifuti. Haya yalitokea kwetu Majengo, hapa Nyeri. Majirani wengine wako humu, nikidanganya watanirekebisha bila huruma.

Mimi ni graduate wa historia. Kazi sina. Nakaa kwa Nyanya, mamake mama yangu.

Nyumba yenyewe ukipita huwezi kugeuza shingo. Kuta ni za miti na udongo, simiti ilipakwa baadaye. Paa ni la mabati, lina miteremko minne, na mbele kuna baraza ya mawe. Ukiingia, ukumbi umenyooka kutoka mlangoni hadi uani, vyumba vitatu huku, vitatu kule.

Aliijenga babake Nyanya, mpishi aliyeletwa huku na mwajiri mzungu kutoka pwani. Mwajiri akahama, mpishi akabaki. Kwao walijenga hivyo ili upepo upite.

Hapa pia unapita, wakuu. Hasa mwezi wa saba, ukitoka moja kwa moja mlimani.

Sasa mwaka jana nikasikia kuna kamati inayoorodhesha nyumba za kale. Jina lake nitaliacha. Nikaona hii ndiyo nafasi: nyumba italindwa, na mimi nitapata kitu cha kuweka kwenye CV. Nikachukua form.

Nilijaza kila kitu asubuhi moja, isipokuwa sehemu moja iliyouliza jengo limefanyiwa mabadiliko gani. Hiyo ilinichukua siku nne.

Ukweli ni kwamba nilipokuwa darasa la tatu, mabati ya juu ya chumba cha Nyanya yalioza. Mjomba Salim akayatoa, akaweka mengine aliyobandua kwenye banda lake la kuku kule Kiganjo, baada ya kuku wote kufa.

Nikawaza: nikiandika hivyo wataona nyumba si halisi. Nikiandika nusu, wataniuliza nusu nyingine iko wapi. Na "banda la kuku" unaliandikaje kwenye form yenye nembo?

Nikaandika: Hakuna.

Wiki chache baadaye akaja afisa wa kamati, tumwite Madam. Alizunguka, akapiga picha, akakaa kwenye baraza na Nyanya.

"Shosho, hapa hakuna mzungu aliwahi kuishi?"

"Mzungu aishi hapa? Kwani alikosa nini?"

Madam akaandika kitu, uso umemshuka. Halafu akaingia chumba cha Nyanya, akatazama juu, akashika kifua.

"Wah! Ona hii kutu. Hii iko hapa tangu siku ya kwanza. Watu siku hizi hawawezi tengeneza kitu kama hii."

Mimi niliyaona yale mabati yakishushwa kwenye pickup yakiwa bado na manyoya.

Tukaorodheshwa. Kikaletwa kibao cha shaba, kikafungwa kando ya mlango kwa skrubu nne. Mimi nikaahidiwa kazi ya kuongoza wageni. Pia ikaja barua: hakuna bati litakaloondolewa, hasa yale ya chumba cha Nyanya, kwa sababu ya "thamani yake ya kipekee."

Shida ni kwamba Nyanya alikuwa ameshanunua mabati mapya. Yalikuwa yamesimamishwa ukumbini yakingoja fundi. Barua ikayasimamisha zaidi.

Mwezi wa nne mvua ikaja. Thamani ya kipekee ikaanza kumdondokea Nyanya kifuani. Tulisogeza kitanda kona zote nne, maana chumba chake alikataa kukihama. Akaanza kulala na beseni miguuni, kisha kikohozi kikamkamata, kile kikavu kinachotikisa mtu mzima. Mwanamke wa miaka themanini na kitu.

Mimi niko chumba cha pili, nawaza. Nikisema ukweli, kazi imeenda. Nikinyamaza, Nyanya anaweza kuenda. Wakuu, ninaona aibu kuandika hili: nililipima hilo jambo kwa wiki tatu.

Mwishowe nikaenda ofisini kwa Madam, nikamwambia yote. Kuku, Kiganjo, pickup.

Akafungua file ya nyumba yetu. Kisha akasema, "Lakini hata banda ya kuku iko na historia yake. Hiyo tutaongeza kwa file. Mabati yakae tu."

"Na Nyanya?"

"Shosho anaweza hama chumba. Lakini ile kazi ya kuongoza wageni, hapo pole. Tunataka mtu mwaminifu."

Yaani uongo umebaki kazini, mwongo amefutwa.

Nikarudi nyumbani, nikamweleza Nyanya. Alinisikiliza hadi mwisho akikohoa.

"Kwa hivyo nimelowa hivi kwa sababu uliona haya kuandika kuku?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Chuo kikuu kizima, baba. Niitie fundi."

Fundi Kamau alifika asubuhi, akaona kibao, akarudi nyuma, akamgeukia Nyanya. "Ai, cucu, hapa wameandika ati mtu asiguse. Mimi niko na watoto."

"Kibao kinasema nani alijenga?"

Akasoma jina polepole.

"Huyo ni babangu. Yeye hajakukataza. Panda."

Kufikia saa saba paa la upande ule lilikuwa linang'aa hadi unafumba macho. Saa tisa mvua ikamwagika, Nyanya akaingia chumbani "kujaribu kidogo", akazama kwenye usingizi mzito. Hakukohoa hata mara moja. Mimi nikakaa barazani.

Ndipo Madam akatokea na wageni wawili chini ya mwavuli. Akatazama juu.

"Nani ameruhusu hii?! Nani?!"

Maisha yangu yote sijawahi kujibu kitu bila kukizungusha kichwani mara kumi.

"Mimi. Na tafadhali punguza sauti, mwenye nyumba amelala."

"Hii nyumba tutaitoa kwa list! Hata hiyo kibao naondoka nayo leo!"

Nikaingia ndani kwa kunyata, nikamletea bisibisi.

Nilichojifunza: kabla hujaandika kwenye form kwamba kitu ni cha thamani, muulize anayelala chini yake. Na kama ni kuku, andika kuku.

Bado sina kazi, na nyumba sasa ni nyumba tu. Nyinyi mngeenda kwa Madam siku ya ngapi? Nisemeni, lakini polepole, nitasoma kila comment mara sita.