Ndoo ya Tope Lililobaki

Miaka kumi na minane alichota tope chini ya ziwa la mjini, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Bwana Tope. Hakununa. Alishusha kopo la chuma kwa kamba, akajaza chupa sita za maabara, akazibandika namba. Majibu hakuyauliza hata siku moja. Yeye ni wa kuchota, alisema. Kusoma ni kwa wenye miwani.

Ila hakupenda kitu kipotee bure. Tope lililobaki alilitia kwenye ndoo akampelekea dada yake mkubwa, mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Mboga zilinawiri, ukoo mzima ukala, na Bwana Tope akatembea kifua mbele kana kwamba mvua ananyesha yeye.

Asubuhi moja binti mgeni wa maabara alimkuta akijaza ndoo.

"Hiyo unaipeleka wapi, mzee?"

"Kwa dada yangu. Mbolea ya bure, mwanangu."

Binti alikwenda maabara, akamletea karatasi ya majibu. Maji machafu ya kiwanda cha betri yalikuwa yameingia ziwani kwa miaka, na risasi yake, ile metali yenye sumu, ilikuwa imetulia kwenye tope.

"Haiozi, mzee. Ikiingia mwilini inakaa. Watoto ndio inawaumiza zaidi."

Alimkumbuka mjukuu wa dada, wa miaka mitatu, anavyocheza kwenye matuta na kulamba vidole.

Njia nzima shetani alimnong'oneza: acha tu kupeleka ndoo, nani atajua? Aliogopa, tena sana. Lakini alipofika, mtoto alikuwa ameketi kwenye tuta, midomo myeusi. Akamnyanyua, akamwosha mikono, akamweleza dada yote bila kuficha.

Dada aliweka jembe chini.

"Miaka yote hiyo unachota, na hukujua?"

"Sikuuliza, dada."

Dada alijifuta mikono. Alimchukua mtoto akaenda naye zahanati kupimwa damu, na kaka mtu akafuata nyuma bila kukaribishwa.

Kesho yake Bwana Tope alifika maabara na chupa saba. Ya saba hakuibandika namba, aliandika, "Bustani ya dada." Aliikabidhi, akavuta kiti mlangoni, akakaa kusubiri majibu.