Vituo Viwili

Besiboli nilijifunza chuoni, na nilipohamishiwa Mtwara kutoka Njombe nikafanywa mwamuzi wa mechi za shule kwa sababu hakukuwa na mwingine. Siku hiyo tulikuwa Mpapura, kwenye uwanja uliopakana na mikorosho. Timu zilikuwa sare na mchezo unakaribia kwisha.

Binti wa kidato cha tatu, mlinzi wa nje wa wenyeji, aliokota mpira akamrushia mwenzake aliyelinda kituo cha tatu. Ukapita juu, ukavuka kamba ya mpaka wa uwanja, ukapotelea mikoroshoni. Mkimbiaji wa wageni alikuwa ameshapita kituo cha pili.

"Mpira umetoka!" nikapaza sauti. "Vituo viwili!"

Kanuni ndivyo inavyosema: mpira ukirushwa nje, mkimbiaji husogezwa vituo viwili, kuanzia pale alipokuwa mpira ulipotoka mkononi mwa mrushaji. Nikampa cha tatu, kisha nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi. Wenyeji wakashindwa kusawazisha, wageni wakashinda.

Baba wa yule binti akaruka kamba. Nilidhani ananifuata mimi. Kumbe alimfuata mwanawe, akamzaba kofi lililomwangusha, akaanza kumkanyaga mbavu.

"Umenidhalilisha mbele za watu!"

Nikamvuta shati. "Baba, mwache! Utamuua!"

Akaokota gongo la kupigia. "Na wewe mama, nani kakutuma uwape vya bure?"

Niliinua mkono kukinga uso. Mfupa niliusikia ukivunjika kabla ya maumivu.

Hapo watazamaji wakamvamia. Mateke, mawe, mmoja akampokonya gongo, akampiga nalo mdomoni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Yule binti akatambaa katikati ya miguu yao, akamlalia baba yake. Teke moja likamkuta mgongoni.

"Msimuue! Ni baba yangu!"

Ndipo wakaacha.

Tulipelekwa mjini kwa gari moja, binti kakaa katikati yetu, baba akitema damu kwenye shati lake mwenyewe.

"Madam," binti akaninong'oneza, "ningebaki na mpira bila kuurusha, ingekuwaje?"

"Mkimbiaji angeishia cha tatu," nikamwambia.

Akaangalia dirishani.

Baadaye shangazi yake, anayeishi Msimbati, alikuja kwangu na kuku wawili kuniomba nifute kesi. Nilimrudishia kuku wake. Yule bwana alifungwa. Binti sasa anasoma huko kwa shangazi, na tukikutana sokoni ananisalimia vizuri tu, huku akiangalia chini.