Udongo wa Mfukoni

Ambilikile, mzee wa kanisa letu hapa Isansa, alimshika mume wangu mkono kwenye kaburi la mtoto wetu, akamzuia. Miaka kumi na miwili imepita, na mimi naweza kukuonyesha ni vidole vipi alivyotumia.

Mume wangu, Jairo, alikuwa ameshachota udongo, maana kwetu mzazi ndiye anatangulia kuutia. Ambilikile akasema, watu wote wanasikia: "Mkana Mungu asitie udongo kwa mtoto aliyebatizwa."

Jairo akautia udongo mfukoni mwa koti, akarudi nyuma, akasimama kwenye miti ya kahawa mpaka tukamaliza kumzika Edina.

Sasa huyu Jairo nikueleze. Kusali hasali. Lakini wakimwita mpagani nacheka. Mpagani ana mizimu yake, anaimwagia pombe, anaichinjia. Mwaka mvua iligoma, wazee wa ukoo walikuja kumtaka kuku mweupe. Akawaambia, "Kuku huyu anataga. Hiyo mizimu yenu inataga?" Wakaondoka wamenuna. Huyo ndiye wangu. Hana wa juu, hana wa chini.

Hilo la mkana Mungu ndilo lilimkaa. Siku moja tunachambua kahawa, akaniambia, "Mama Edina, aliyekana ni yule Petro wenu. Alimjua mtu, amekula naye, halafu akasema simjui. Mimi nimemkana nani? Mimi simwoni tu. Nikimwona nitasema."

Nimeishia darasa la tatu, nikaendelea kuchambua kahawa. Mimi nasali, namwombea na yeye. Kila Jumapili ya mvua ananishikia mwavuli mpaka mlango wa kanisa, kisha anarudi kupika. Miaka arobaini sasa.

"Nenda basi ukautie ule udongo," nilikuwa namwambia. "Kaburi ni la mwanao."

"Nilikatazwa mbele za watu. Siendi kwa mwanangu kama mwizi."

Koti likabaki kwenye msumari. Sikulifua.

Mwaka jana mwezi wa tatu, mvua haikatiki, akafa Gwantwa, mke wa Ambilikile. Vijana wa kanisa wote wako Tunduma kwenye mkutano wa injili. Nikamwona Jairo anachukua jembe na ndoo.

"Unaenda kumchimbia yule?"

"Namchimbia Gwantwa. Ulipojifungua Edina, nani alikuletea uji?"

Nilimtukana mpaka njia panda. Alichimba peke yake, maji yakijaa anayachota kwa ndoo, anachimba tena. Vijana waliporudi walikuta wamebakiziwa kumalizia tu.

Tulipokwisha kumzika, Ambilikile akavua kofia.

"Baba Edina," akasema. "Nilikuita mkana Mungu. Neno lile lilikuwa langu, Mungu hakunituma. Twende kwa mtoto."

Jairo akasema, "Ningojeni."

Mzee wa miaka sabini alikimbia kwenye matope, akarudi na koti. Watu wote tukamfuata mpaka kwa Edina. Akaugeuza mfuko nje, vumbi likaanguka, mvua ikalishika.

"Mama," alimwambia mwanae, "baba amechelewa."

Nililia mimi, silii hovyo. Ambilikile akanisogelea.

"Mama Edina, umenisamehe?"

"Bado," nikamwambia. "Shika hilo koti, ukalifue."

Akalichukua.