Kumwangalizia Kilimia Mzee wa Borneo

Miaka ile nilikuwa mlinzi wa zamu ya usiku katika jengo la wafanyakazi, Al Qusais, huko Uarabuni. Mpishi wetu alikuwa Mdayaki kutoka Borneo, upande wa Indonesia, dada mfupi mwenye mzaha mwingi. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuungaunga. Tulikijazia yalla na khalas za Kiarabu, yaani haya twende na basi yamekwisha, tukaelewana.

Asubuhi moja ya Juni alinijia na jambo. Kwao hulima mpunga wa mlimani, na hakuna anayefyeka msitu kabla mwangalizi wa familia hajaziona Bintang Tujuh, yaani Nyota Saba, zikichomoza mashariki kabla hakujapambazuka. Mwangalizi alikuwa baba yake, na mwaka ule mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Wanawe wa kiume hakuwaamini. Mzee alisema wale watadai wameziona nyota siku yoyote watakayoamka vizuri. Aliyemwamini ni binti yake, ila binti huyo, mpishi wetu, alikuwa akiingia jikoni kabla ya adhana ya alfajiri, na jiko lile halikuwa na dirisha.

"Wakichelewa kufyeka, miti haikauki," alinieleza. "Mvua inakuja, moto haushiki, mpunga hakuna. Kaka, wewe unalipwa kuangalia. Angalia na juu."

Nyota nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwenye kompyuta za saiba, kwa hiyo nilizijua alizozitaja. Ni Kilimia, ambacho kwa Kiswahili nacho kilipewa jina kwa sababu ya kulima. Nilifurahi kwa dakika moja tu, kisha hofu ikanishika. Mimi ni mtu wa kufunga kufuli, kuondoka, na kurudi kulitikisa. Sasa chakula cha mwaka mzima cha watu nisiowajua kilikuwa shingoni mwangu.

Kisha upepo ukaleta vumbi. Kila alfajiri mbingu ilikuwa rangi ya uji, na kila alfajiri yule dada alichungulia mlangoni mwa jiko.

"Yalla, profesa?"

"Vumbi, dada."

"Ndugu zangu hawawezi kula vumbi."

Nilienda saiba. Kompyuta ilionyesha Kilimia kimekwisha kuchomoza. Nikamkimbilia nikihema.

"Kompyuta imeona, au imepiga hesabu?" aliuliza.

"Imepiga hesabu."

"Baba atauliza ni nani ameona."

Hatimaye vumbi likatulia. Nikapanda paani, nikasimama nyuma ya matangi ya maji, na juu ya taa za uwanja wa ndege nikakiona, kidogo, kama alama ya vidole kwenye kioo. Nikahesabu. Sita. Nikafumba macho, nikahesabu tena. Sita, mpaka kukapambazuka na zote zikafutika.

Jina lenyewe linasema saba! Nakiri kwamba ngazi zote nilishuka nikiifanyia mazoezi sentensi ya "nimeona saba". Mlangoni mwa jiko haikutoka.

"Nimeona sita," nikasema. "Nisamehe, dada. Labda ni macho yangu."

Alipiga simu kwao, ambako jua lilikuwa limekwisha kupanda, akaongea kwa muda, kisha akanigeukia.

"Baba anauliza, sita kwa hakika?"

"Sita. Nilihesabu mpaka zikapotea."

Akatafsiri. Kwenye simu nikasikia kicheko cha mzee, kama kikohozi. Yule dada naye akaanza kucheka, huku akijifuta macho kwa aproni.

"Anasema tangu wiki jana ndugu zangu wanamwambia wameona saba. Yeye ujanani, na macho makali, hakuwahi kupita sita. Anasema wale wamehesabu jina. Wewe umehesabu nyota."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho wanafyeka. Baba ameshawaambia wanoe mapanga, wanalalamika hao kwamba mlinzi wa mbali ameaminiwa kuliko wao!" Akanisukuma begani. "Haya, toka mlangoni, chapati zinaungua."